Jenereta ya Baba na Masikio ya Kogo

Nimeishi miaka ya kutosha kujua kwamba hakuna kitu kinachowakusanya wanaume kama injini iliyokataa kuwaka. Msiba nao huwakusanya, lakini msibani huondoka mapema. Siku ya harusi yangu waliinama nyuma ya kanisa na suti zao za kuazima, wakiizunguka jenereta ya Baba, na mimi niliyekuwa naolewa nikawa jambo la pili.

Nianze na Kogo, maana bila yeye jenereta isingekuwa na kazi. Kogo ni nyanya, kwetu Wakipsigis ndivyo tunavyomwita, na huyu alikuwa mama yake Baba. Masikio yake yalianza kufifia kabla mimi sijaanza shule. Hakuwa kiziwi kabisa. Ukimwinamia na kupaza sauti sikioni, alikusikia. Lakini kanisani alikaa benchi la mbele akiutazama mdomo wa mchungaji, na ibada ikiisha alimuuliza aliye karibu, "Amesema nini?" Yule mtu, mwenye njaa na haraka ya kwenda nyumbani, alimjibu, "Amesema tupendane." Kwa miaka mingi Kogo aliamini kwamba mchungaji wetu alikuwa na hubiri moja tu, na alimhurumia.

Jambo lililomuuma lilikuwa lingine. Senge, yaani shangazi yangu, dada yake Baba, alifunga ndoa katika kanisa hilohilo. Kogo alikaa mbele, akaona midomo ikicheza, akapiga makofi wengine walipopiga. Baada ya miaka michache yule mume alimrudisha Senge nyumbani na sanduku lake. Wazee walipoketi kulizungumza, bwana huyo alisema yeye hakuahidi mambo mengi kiasi hicho. Wakamgeukia Kogo: wewe mama ulikuwepo, ulisikia nini? Kogo, ambaye hakujua kusema uongo hata pale ungemfaa, akajibu kwamba hakusikia kitu. Tangu siku hiyo alisema harusi nyingine ya nyumba yake ataisikia kwa masikio yake mwenyewe, au hatakanyaga huko.

Basi nilipochumbiwa, Baba alimuahidi mama yake kwamba ataisikia harusi yangu neno kwa neno. Baba alikuwa mwepesi wa kuahidi, na safari hii alikuwa na sababu, kwa kuwa alikuwa na jenereta. Aliinunua kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya chai aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao, miaka michache baada ya Uhuru. Ilikuwa nyekundu, ndogo, yenye kamba ya kuvuta. Kabla ya harusi yangu kazi yake ilikuwa moja: Jumapili mchana, jua likiwaka, Baba aliivuta, ikanguruma, na balbu moja ikawaka chini ya paa la nyumba yetu. Majirani waliokuwa wamekuja walikaa wakaitazama. Mama alimuuliza kwa nini asiiwashe usiku. Baba akasema usiku watu hawaoni jenereta.

Kipaza sauti tulikodi kwa mfanyabiashara mmoja wa Litein, mtu wa milima ya Kisii aliyehamia kwetu kuuza redio na sahani za santuri. Petroli Baba aliinunua mapema, wiki nzima kabla, akaileta kwenye mkebe wa bati na kuiweka nyumbani kwa Kogo, katika kile chumba cha nyuma chenye baridi, mahali alipoweka vibuyu vyake, mbali na moto. Akamwinamia mama yake sikioni, nasi sote tukasikia mpaka kwenye mashamba ya chai: "Hii ni petroli. Ikikaa vibaya inachacha, haifai tena. Itunze. Hii ndiyo itakayokuletea neno la harusi." Kogo aliitikia kwa kichwa kwa uzito, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto.

Siku ikafika. Kanisa letu la mabati lilikuwa dogo, kwa hiyo mabenchi yalitolewa nje kwenye nyasi. Wakwe zangu walikuja kutoka upande wa Chebunyo, watu wa ng'ombe, warefu, wasiosema mengi. Asubuhi walipokewa nyumbani kwa mursik, maziwa yetu ya kuchacha kwenye kibuyu, na wakakubali kwamba ni mazuri. Mtu wa Chebunyo akisifu mursik ya watu wa chai, jua amefurahi sana. Kila kitu kilikuwa tayari. Kilichobaki ni kuwahi mvua, kwani kwetu saa nane mchana mvua haimwombi mtu ruhusa, na siku nyingine huja na mawe.

Mimi nilikuwa nimefungiwa na Senge katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, na dirisha lake lilitazama pale pale ilipokuwa jenereta. Hilo lilikuwa kosa la wapangaji. Bibi harusi wetu wa siku zile alitakiwa kutazama chini, asiseme, na akiweza kutoa machozi kidogo ndiyo heshima zaidi. Mimi nimezaliwa na hasira fupi na sauti ndefu. Tangu utotoni niliimbiwa kwamba mwenye kelele hana neno, na haikusaidia.

Baba alivua koti, akashika kamba, akavuta. Jenereta ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Akavuta tena. Haikukohoa hata kidogo. Akavuta mpaka shati likatoka kwenye suruali.

Ndipo akaja baba mdogo. Huyu aliendesha malori ya jeshi wakati wa vita vya Wazungu, katika nchi ambazo hakuweza kuyatamka majina yake, na alirudi na elimu moja.

"Plagi," akasema.

Akaifungua, akaifuta kwa tai yake, akaigusisha kwenye chuma na kumwambia Baba avute kamba. Cheche ikaruka, ya buluu, safi, hata mimi niliiona dirishani.

"Cheche ipo," Baba akasema.

"Ipo," baba mdogo akakubali, "lakini haina moyo. Ni plagi."

Mwenye kipaza sauti, aliyekuwa na wasiwasi na vyombo vyake, akasogea. "Mzee, hii engine yako imekunywa mafuta mingi. Umeivuta sana. Ngoja kwanza ikauke." Basi wakangoja ikauke. Wanaume wazima walisimama mikono nyuma wakingoja chuma kikauke, na wingu la kwanza likaanza kupanda upande wa ziwa.

"Mmeangalia kama petroli ipo?" nikauliza kupitia dirishani.

Nasema niliuliza. Senge alisema nilipiga ukelele. Nilichokiona ni kwamba mabenchi yote upande wa pili wa kanisa yaligeuka.

"Bibi harusi asiseme," Baba akajibu bila kugeuka. Kisha akafungua kifuniko cha tanki, akachungulia, akakifunga. Petroli ilikuwepo. Alikuwa ameijaza mwenyewe asubuhi ile.

"Na lile bomba dogo la mafuta, mmelifungua?"

"Huyu mnampeleka Chebunyo mkiwa mmewaambia alivyo?" baba mdogo akamuuliza Baba.

Mchungaji alikuja kuona kinachochelewesha ibada. Wakamwomba aiombee, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema hakukataa. Aliweka mkono juu ya tanki jekundu, akaomba kwa ufupi. Baba alipovuta kamba baada ya amina, jenereta ilitoa mlipuko mmoja mkubwa, ikatema moshi mweusi kwenye kola ya mchungaji, ikafa. Mchungaji akasema pengine ni mambo ya kiufundi.

Watu husema penye wengi hapaharibiki neno. Waliosema hivyo hawajaona wanaume wanane na jenereta moja. Mmoja aliifunika kwa koti ipate joto. Mwingine alitaka igeuzwe itazame mashariki, na ikageuzwa. Nilikuwa nimeshakasirika mpaka shela inatetemeka kichwani, na si kwa sababu ya harusi kuchelewa. Kupitia mlango nilimwona Kogo. Alikuwa amekaa mbele, peke yake, pale alipowekewa kiti cha heshima kando ya spika ya kipaza sauti, amevaa kitambaa chake kipya, uso ameuelekeza ndani ya tarumbeta lake la bati. Alikuwa amekaa hivyo tangu asubuhi. Hakujua kwamba kimya alichokuwa anakisikia ni kimya cha kweli.

Mwishowe mwenye kipaza sauti alipoteza subira, akafungua kabureta. Akatoa kile kibakuli kidogo cha chini, akakimimina kwenye sahani ya chai. Wote wakainama. Katika sahani, chini ya petroli, kulikuwa na unga mweusi.

"Hii ni uchafu," akasema. "Imeziba pale pa kupitisha mafuta. Imetoka kwa tanki."

"Tanki nimeosha mimi mwenyewe na sabuni," Baba akasema.

Baba mdogo aliitazama sahani kwa muda, akatikisa kichwa. "Kikulacho ki nguoni mwako. Huu ni mkono wa mtu. Kuna watu hawajalala vizuri tangu uilete jenereta hii."

Hapo Baba akachemka. Alisimama mahali wakwe waliweza kumsikia, akatangaza kwamba yeyote aliyetia kitu katika petroli yake hataonja mursik ya harusi hii, na hatakanyaga uwanja wake mpaka siku atakapozikwa. Ilikuwa kauli nzito, na wazee wa Chebunyo waliitikia kwa vichwa. Mtu akisema hivyo mbele ya wakwe, hawezi kuimeza tena.

"Nileteeni hiyo sahani," nikasema.

Sijui kwa nini waliileta. Nadhani walikuwa wamechoka kubishana nami. Niliingiza kidole, pamoja na glavu yangu nyeupe, nikausugua ule unga. Ulikuwa laini, mweusi wa kuelekea buluu, unaoteleza. Nikanusa. Chini ya petroli palikuwa na moshi ninaoujua.

Wale wanaume walikuwa wamekunywa unga ule tangu walipoota meno, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona ukiwa nje ya maziwa. Kusafisha kibuyu ni kazi ya wanawake. Unachoma kijiti cha mti wa senetwet, kikishika makaa unakiingiza ndani ya kibuyu, unakiponda na kukisugua kwenye kuta zake kwa fimbo ya ukindu mpaka ndani kote kuwe kweusi. Maziwa yakikaa humo hayaharibiki. Mimi nilifundishwa kazi hiyo na Kogo nikiwa sijafika kiunoni mwake.

Nikampa Senge anuse. Akanusa. Tukatazamana, kisha sote wawili tukatazama kupitia mlangoni, kwenye kile kitambaa kipya kando ya spika.

"Nyamaza," Senge akanong'ona. "Kwa hiki kiapo alichoapa, nyamaza."

Niliogopa, nakubali. Lakini mvua ilikuwa inakuja, na kama sahani ile ingebaki na siri yake, Kogo angekaa pale mpaka jioni akisikiliza bati. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilisema kwa sauti ya chini. "Baba, huu ni mkaa wa kibuyu."

Alinitazama bila kuelewa. Kisha akaelewa, nami nikauona uso wake ukishuka. Bahati mbaya baba mdogo alisikia, na baba mdogo hakujifunza kunong'ona jeshini. Habari ikapita benchi hadi benchi: petroli ilikuwa kwenye kibuyu. Ilipowafikia wakwe zangu, ambao asubuhi walikuwa wamekunywa kutoka kwenye vibuyu, walitazamana. Mzee mmoja alipumua kwenye kiganja chake na kukinusa. Mwingine, aliyekuwa ameshatoa kiberiti awashe kiko, alikirudisha mfukoni polepole.

Baba alimwendea mama yake, akainama sikioni. Kwa kuwa kwa Kogo hakukuwa na kuuliza kwa siri, harusi nzima ilimsikia.

"Mama, petroli uliiweka wapi?"

"Kwenye kibuyu," Kogo akajibu, na kwa kuwa hakujisikia mwenyewe, naye alijibu kwa sauti ya kuwafikia wote. "Ulisema ikikaa vibaya inachacha. Mkebe wako una kutu. Nikaiwekea kibuyu kipya, nikakiandaa vizuri, siku mbili kabla, kikapoa kabisa. Leo asubuhi nikairudisha kwenye mkebe usije ukahangaika."

"Kibuyu gani, Mama?"

"Kile cha mtoto. Chenye shanga."

Kibuyu cha mtoto kilikuwa changu. Kogo alikuwa amekichagua shambani kikiwa bado kijani, akakikausha, akakishonea shanga mdomoni, ili nikibebe siku hiyo kwenda nacho kwangu. Hakuna petroli iliyowahi kuingia mahali pazuri zaidi.

"Ulisema hiyo ndiyo italeta neno la harusi," Kogo akaendelea, akimtazama Baba kama anamtazama mtu asiyeelewa upesi. "Neno la kuchukua mtoto wetu lipitie kwenye kutu?"

Moyo ulinijaa, na yale machozi ya heshima yaliyokuwa yamekataa asubuhi yote yakaja yenyewe, pamoja na kicheko, nikapangusa uso kwa ile glavu yenye mkaa.

"Na hawa wageni wana nini?" Kogo akauliza, akiwaona walivyokaa. "Mursik yao ilikuwa kwenye vibuyu vingine. Mnadhani nimezeeka kiasi cha kuchanganya?" Yule mzee akatoa tena kiberiti chake.

Baba mdogo, ambaye hakuwahi kuliacha jambo lipite, akamkumbusha Baba kiapo. Baba akafikiri kidogo, kisha akawageukia wakwe. "Aliyepeleka petroli mahali pa maziwa ni mimi," akasema. "Sitaonja mursik leo. Na uwanja wangu nitaukanyaga kwa sababu sina pa kulala." Wazee wa Chebunyo walicheka kwa mara ya kwanza, na nikajua nimepata watu.

Tanki likamwagwa, mkebe ukawekwa mbali. Petroli safi ilipatikana kwenye Land Rover iliyomleta bwana harusi, lakini ilihitaji mtu wa kuifyonza kwa mpira. Bwana harusi wangu, ambaye alikuwa karani mtulivu wa kituo cha kuuzia majani ya chai, na ambaye tangu asubuhi hakuwa ameombwa lolote, alijitolea. Alifyonza kwa nguvu ya mtu anayetaka kuonekana na wakwe. Nusu iliingia kwenye chupa, sehemu ikaingia tumboni. Mwenye kipaza sauti alipuliza kile kitundu cha kabureta kwa mdomo mpaka kikapitisha hewa, akafunga kila kitu, akavuta kamba yeye mwenyewe. Jenereta ikanguruma. Ndege waliruka kutoka kwenye mikaratusi yote.

Tukasimama mbele ya mchungaji mwenye kola nyeusi, mimi nikiwa na alama ya mkaa shavuni, na karani wangu akinuka kama gereji. Bwana harusi akaanza kuahidi. Sauti yake, ambayo kwa kawaida ilikuwa ndogo, ilitoka kwenye lile tarumbeta ikavuka shamba la chai, na ng'ombe wa jirani wakainua vichwa. Atanipenda, atanitunza, katika afya na ugonjwa, mpaka kifo. Kogo alikuwa ameweka kiganja juu ya spika, macho amefumba, midomo ikirudia kila neno.

Kisha ikawa zamu yangu. Nilifungua mdomo, na jenereta ikakohoa, ikazima. Ile petroli ya chupa ilikuwa imekwisha.

"Plagi," baba mdogo akasema kutoka nyuma.

Nilikuwa nimeshachoka na jenereta, na sikukubali Kogo arudi nyumbani na nusu ya harusi. Nikakusanya gauni kwa mikono miwili, nikamwendea pale alipokaa, nikainama, nikamwambia sikioni "ndiyo" kwa sauti yote niliyopewa na Mungu.

Kogo alirudi nyuma, akaniziba mdomo kwa kiganja. "Usinipasue," akasema. "Wewe nakusikia kila siku. Hata leo asubuhi nimekusikia unavyogombana na wanaume huko nyuma. Niliyetaka kumsikia ni huyu."

Akamwita bwana harusi kwa kidole, na yeye akaja akainama. Kogo akamshika sikio, si kwa upole, akamwambia mbele ya kanisa na wazee wa Chebunyo: "Nimekusikia, yote. Wakiniuliza, nitawaambia." Pembeni Senge alikuwa ameshika uso kwa mikono miwili, na sikujua kama anacheka au analia, na sikumuuliza.

Tulimalizia sala ndani ya kanisa, mvua ikigonga mabati. Baba alikaa siku nzima akiwatazama watu wakinywa mursik, na hakuonja.

Kibuyu nilikwenda nacho hivyohivyo, na shanga zake. Nilikisugua kwa senetwet mpaka mikono ikachubuka, lakini mwaka mzima wa kwanza maziwa yake yalikuwa na harufu ya petroli. Nilitaka kukitupa. Mume wangu akakataa. Alikunywa kila yalipoiva, bila kukunja uso, akasema ladha hiyo anaijua, ndiyo aliyokuwa nayo mdomoni siku alipoahidi.